Magauni 200 ya Desemba yasubiri: anza na patani ya gauni moja

Swali. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Majengo hapa Moshi mwaka wa sita sasa. Nashona oda: vitenge vya sendofu na harusi, nguo za kipaimara, magauni ya kazini. Nina cherehani mbili, ovaloki moja na msichana mmoja anayenisaidia. Nataka nitoke kwenye oda taratibu, niwe na lebo yangu ya nguo za wanawake zinazouzwa zikiwa tayari. Akiba yangu ni shilingi milioni 3. Ndugu zangu wanasema nikope milioni 5 juu yake, nishone magauni 200 kabla watu hawajapanda Moshi kwa Krismasi. Sasa ni Mei. Naogopa. Nianzie wapi, na niende kwa mwendo gani?

Jibu. Dada, hofu yako ina hesabu ndani yake, basi tuanze kwa kuiandika hiyo hesabu.

Magauni 200, kila moja likila yadi 3, ni yadi 600 za kitambaa. Gauni lenye bitana na zipu, kwa mkono uliozoea, huchukua kama saa 4 tangu kukata hadi pasi ya mwisho. Nyinyi wawili mkifanya kazi saa 8 kwa siku mnatoa magauni 4. Hayo 200 ni siku 50 za kazi bila kupokea oda hata moja, na ni katika msimu uleule ambao oda ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Marejesho ya mkopo hayasubiri mauzo. Gauni lisilotoka Desemba linakutana na Januari, mwezi wa ada za shule, na hapo hata mteja anayelipenda atalipita.

Hayo ni ya fedha. La kiufundi ni zito zaidi. Kwenye oda, mwili wa mteja uko mbele yako. Ukikosea nyonga kwa sentimita 3, anakuja kujaribu, unafumua ubavuni, unaachia, yamekwisha. Nguo tayari haina siku ya kujaribu. Kosa la sentimita 3 likishaingia kwenye patani, yaani vipande vya kielelezo unavyofuata kukata kitambaa, linaingia kwenye kila gauni la saizi hiyo, na wewe utalijua siku mteja wa nne anaporudisha lake, huku mengine 30 yamening'inia yakiwa na kosa hilohilo.

Tazama pia kwamba karibu kila kitu kingine katika kazi hii ni cha wote. Kitenge ulichokipenda Jumatatu kwenye duka la karibu na Soko Kuu, fundi wa jirani atakuwa nacho Ijumaa. Mshono unapigwa picha mchana, jioni umeshaenea WhatsApp. Sheria nayo haikusaidii sana kuzuia mtu asishone mkono kama wako. Kinachobaki chako peke yako ni namna gauni linavyokaa kwenye mwili wa mwanamke anayelivaa. Kwa hiyo miezi yako ya kwanza ni ya patani, na patani hiyo ni ya gauni moja.

Hazina iko kwenye daftari lako la vipimo

Fundi wa miaka sita ana kitu ambacho duka la nguo za kuagizwa halina: daftari lenye vipimo vya wanawake wa hapa. Lifungue. Chukua wateja 60 wa mwaka huu na uliopita, watu wazima, waandike kwenye karatasi kubwa yenye mistari: kifua, kiuno, nyonga mahali penye unene zaidi, urefu wa mgongo kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni, upana wa mabega, mzingo wa mkono juu. Wapange kwa kifua, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Halafu ongeza safu moja ya mwisho: nyonga toa kiuno.

Safu hiyo ndiyo itakayokufundisha. Majedwali ya saizi yanayotoka Ulaya, ambayo ndiyo yamejaa kwenye vitabu vya ushonaji na kwenye patani za kupakua mtandaoni, huweka tofauti ya kiuno na nyonga kwenye sentimita 24 hivi kwa saizi za kati. Ukikuta wateja wako wengi wako kwenye 30 au 32, fuata daftari lako.

Gauni la tofauti ya 24 likivaliwa na mwanamke wa tofauti ya 32, utaliona hata kutoka mbali. Sketi inapanda na kukusanya mikunjo mgongoni juu kidogo ya makalio, pindo la nyuma linakuwa fupi kuliko la mbele, zipu inavutwa chini ya kiuno. Akichukua saizi ya juu, nyonga inatosha lakini kiuno kinakaa wazi, unaweza kuingiza ngumi. Wengi hujaribu kuponya hilo kwa kuongeza sentimita zote 8 ubavuni, na hapo ndipo gauni linatoka masikio pande zote mbili za nyonga. Zigawe. Kila ukingo wa ubavu, mbele na nyuma, uongeze sentimita 1 kwenye nyonga: kingo ni nne, umepata 4. Dati mbili za nyuma, ile mikunjo inayoshonwa kwa ndani kubana kiuno, zipanuliwe sentimita 1.5 kila moja na nyonga iongezwe kiasi hicho hicho: umepata 3. Dati mbili za mbele nusu sentimita kila moja: 1. Jumla 8, na kiuno kimebaki palepale. Dati za nyuma zirefushe kama sentimita 1.5, kwa kuwa mwili unaanza kujaa chini zaidi, kisha kata patani ya nyuma kwa mlalo kwenye mstari wa nyonga, ufungue sentimita 1 hadi 1.5 katikati ya nyuma na kuishia sifuri ubavuni. Hiyo ndiyo inayoshusha pindo la nyuma lilingane na la mbele.

Saizi zenyewe zisizidi tano. Kwa gauni la kitambaa kisichovutika, kifua cha 88, 94, 100, 106 na 112 kinatosha kuanza. Vipimo hivyo ni vya mwili. Gauni lenyewe liongeze sentimita 8 kifuani na 6 hadi 8 kwenye nyonga ili mtu apumue na akae. Mwenye kifua cha 97 atavaa la 100 bila shida. Ziite namba zako au herufi, ila ndani ya daftari na kwenye ukurasa wako wa kuuzia andika sentimita, maana M ya duka moja ni L ya duka jingine na wateja wamechoka kubahatisha.

Marikani kabla ya kitenge

Gauni la kwanza lishone kwa marikani, kile kitambaa cheupe cha pamba kisicho na maua, au shuka kuukuu zito. Shona saizi ya 100, bila bitana. Kabla ya kuunganisha, chora kwa kalamu na rula mistari mitatu ya mlalo kuzunguka gauni zima: wa kifua, wa kiuno, wa nyonga. Chora na mmoja wa wima katikati mbele, mwingine katikati nyuma.

Mvalishe mwanamke mwenye kifua cha 100, asimame peku juu ya sakafu iliyo sawa, wewe kaa chini kwenye kigoda macho yako yawe usawa wa kiuno chake. Mistari ya mlalo iwe sambamba na sakafu. Mstari ukipanda mahali, kitambaa hapo ni kifupi. Ukishuka, kimezidi urefu. Mkunjo unaoelekea kwenye kifua kutoka ubavuni unasema dati ya kifua ni ndogo. Mkunjo wa mlalo chini ya shingo nyuma unasema urefu wa mgongo umezidi; ushike kwa pini, upime, uandike. Mstari wa wima ukienda upande, bega moja liko chini kuliko jingine: hilo ni la mtu huyo, usilihamishie kwenye patani ya wote.

Kisha mwambie afanye yale anayofanya kila siku. Akae kwenye kiti. Anyooshe mkono juu kama aliyeshika bomba la daladala. Apande ngazi ya sentimita 40. Gauni la kubana linalofika magotini linahitaji mpasuo wa sentimita 15 hadi 18 ili hatua hiyo ipite bila mshono kupasuka. Fanya zoezi hili kwa wanawake watatu wa saizi moja, usiridhike na mmoja. Marikani tatu au nne kwa saizi moja ni kawaida, wala si kupoteza muda.

Ikikubali, hamishia kwenye kadi ngumu. Juu ya kila kipande andika jina la gauni, saizi, uelekeo wa uzi, idadi ya kukata, upana wa mshono na tarehe. Mshono wa ubavu uwe sentimita 2 ili mteja aweze kuachia baadaye, mabega 1.5, shingo na mashimo ya mikono 1, pindo 4. Toboa tundu, ning'iniza. Kadi iliyokunjwa haisemi kweli tena. Na usikubali mtu akate kwa kufuatisha gauni lililoshonwa. Mstari wa chaki una unene wa milimita 2 au 3. Ukifuatisha juu ya ulichofuatisha, kwa kingo zote za gauni, baada ya mara chache umeongeza sentimita nzima na zaidi, na hakuna anayejua ilianzia wapi.

Kitambaa kipimwe kabla ya kupendwa

Kata mraba wa sentimita 50 kwa 50, uzungushie ovaloki, ufue mara tatu kwa sabuni ya kawaida, uanike juani, upige pasi, upime. Ukikuta 48, kitambaa kimeingia asilimia 4. Kwenye gauni la sentimita 105 hiyo ni zaidi ya sentimita 4 za urefu, yaani gauni la chini ya goti limekuwa la juu ya goti baada ya mwezi. Pima urefu na upana kando kando, kwa kuwa kwa kawaida urefu huingia zaidi. Kitambaa kinachoingia zaidi ya asilimia 3 kiloweke na kukikausha chote kabla ya kukata. Bitana nayo ipitie jaribio lilelile. Bitana ya poliesta haiingii, kitambaa cha juu kinaingia, na matokeo yake ni bitana inayochungulia chini ya pindo. Kwa hiyo pindo la bitana likae sentimita 2.5 juu ya pindo la gauni.

Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kisimame vizuri dukani. Ukifua unatoka, na sketi iliyosimama kama mwavuli inalala. Usiamue umbo kabla ya kufua. Kwa rangi, lowesha kitambaa cheupe, sugua mara kumi juu ya rangi nyeusi, bluu au nyekundu; kikitoka na rangi, gauni hilo litachafua kola nyeupe ya mtu. Batiki za mkono zijaribiwe hivyo kila mzigo, hata kama zinatoka kwa mama yuleyule. Kujua kama ni pamba, choma nyuzi chache: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuwa punje ngumu.

Ushauri wetu mzito kuhusu kitambaa ni huu: usijenge gauni lako la msingi juu ya ua la kitenge. Ua likiisha sokoni limeisha. Unaweza kwenda Kariakoo, ukazunguka maduka ya Mtaa wa Uhuru siku nzima, ukarudi na kinachofanana lakini si chenyewe. Kuchapishiwa ua lako kiwandani ni hesabu ya maelfu ya mita, si ya sasa. Chukua kotoni ya rangi moja ambayo muuzaji anaiagiza kila mara, nzito ya kutosha kwa baridi ya Juni na Julai, na kitenge kiwe kwenye mkanda, ndani ya kola, kwenye mdomo wa mfuko. Hapo ua likibadilika, gauni linabaki lilelile na mteja analitambua. Nunua mzigo mzima wa toleo moja kutoka jora moja. Bluu ya jora hili na bluu ya jora lile zinafanana dukani, zikikaa mbele na nyuma ya gauni moja juani zinaachana.

Toleo la kwanza: magauni 12

Rangi moja. Saizi ya 88 moja, 94 tatu, 100 nne, 106 tatu, 112 moja, isipokuwa kama daftari lako linasema wingi uko kwingine. Ukiweka rangi tatu kwenye nguo 12 hutajua kilichokwamisha ni rangi au ni saizi.

Kabla ya kukata 12, shona matatu uwape wanawake watatu wavae wiki mbili kazini na kanisani au msikitini, wafue angalau mara tano kwa namna yao, warudishe. Yapime upya. Angalia kwapani, mwisho wa zipu, shingo. Hapo ndipo kosa lililofichwa na pasi linajitokeza.

Kukata moja moja kunakula yadi 3 kwa gauni kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 115. Ukipanga saizi kubwa na ndogo pamoja, mkono wa la 112 ukaingia kwenye pengo la la 88, 12 zinaweza kutoka kwenye yadi 31 au 32 badala ya 36. Panga kwanza sakafuni kwa patani, piga picha ya mpangilio, ndipo ufunue kitambaa. Kwa mkasi wa mkono usizidishe tabaka sita. Ya chini hukimbia, na la chini kabisa hutoka dogo kuliko la juu.

Kwenye kushona, makosa matatu ndiyo yanayotenganisha nguo ya lebo na nguo ya haraka. La kwanza ni shingo iliyolegea. Shingo imekatwa kwa mshazari, inavutika hata kwa kushikwa tu, kwa hiyo ipige mshono wa kuizuia milimita 7 kutoka ukingoni mara tu inapotoka mezani, kabla ya kitu kingine chochote. La pili ni gamu, kile kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa pasi, inayotoka mapovu baada ya kufuliwa. Gamu haipigwi pasi kwa kuteleza. Pasi inawekwa, inagandamizwa sekunde 10 hadi 12, inanyanyuliwa, inahamishiwa pembeni, na kipande kinaachwa kipoe kikiwa kimelala. Ijaribu kwenye kipande, ukifue, ndipo uipeleke kwenye gauni. La tatu ni zipu yenye mawimbi. Utepe wa zipu unaingia ukifuliwa na pia kitambaa kinavutika wakati wa kushona. Lowesha zipu kwenye maji ya moto kabla, bandika utepe wa gamu wa sentimita 2 pande zote mbili za mshono, shona pande zote kutoka juu kwenda chini, usishuke upande mmoja na kupanda mwingine.

Sindano namba 14 kwa kotoni na kitenge, mshono wa milimita 2.5. Kila mshono upigwe pasi kabla ya kukutana na mwingine. Gauni likiisha, pima kifua, kiuno, nyonga, urefu: tofauti na patani isizidi sentimita 1, mabega nusu. Lisilopita halipati lebo. Uza kama oda, au fumua.

Msichana wako usimlipe kwa idadi pekee. Malipo ya kipande yanafundisha haraka, na haraka inaonekana kwanza shingoni. Mpe ujira wa siku na nyongeza kwa kila gauni lililopita kipimo. Na umweleze kwa nini lililorudi limerudi, kwa kumshika mkono, siyo kwa kumfokea mbele ya wateja. Ndiye atakayekuwa mkuu wa chumba chako ukikua.

Bei

Mafundi wengi wa oda hukwama hapa kwa sababu moja: kwenye oda mteja hununua kitenge mwenyewe, wewe unatoza ufundi. Bei iliyo kichwani mwako ni ya ufundi tu. Gauni tayari linabeba kila kitu.

Tuchukue mfano, wewe weka namba zako. Kitambaa yadi 2.6 kwa 5,000 ni 13,000. Bitana 3,750. Zipu, gamu, uzi 2,500. Lebo na mfuko 1,200. Kazi saa 4 kwa 3,000 ni 12,000, na wewe mwenyewe umo humo, usijifanyie bure. Sehemu ya kodi, umeme na nauli 5,000. Jumla 37,450. Ongeza asilimia 5 ya yatakayoharibika, unafika kama 39,300. Ukiuza 45,000 unaona faida. Sasa duka la Arusha linataka mzigo na linakata asilimia 30: unabaki na 31,500, umepoteza karibu 7,800 kwa kila gauni ulilouza. Kwa 78,000, duka likikata 30, unabaki na 54,600, na 15,300 ni ya toleo lijalo. Ukiona wateja hawafiki bei hiyo, rahisisha gauni, ondoa bitana, fupisha kazi iwe saa 2 na nusu. Usipunguze ujira wala mshono.

Milioni 3 yako iende hivi: 300,000 patani, marikani na sampuli, 475,000 toleo la 12, 945,000 toleo la pili la 24, likifika wakati wake, 330,000 jina, lebo na picha. Inabaki 950,000 ambayo haiguswi, ya mwezi ambao hakuna kinachotoka. Cherehani ya kiwandani isubiri.

Jina lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mtandaoni kabla ya kuchapa lebo hata moja. Elewa kwamba jina la biashara halikulindii alama. Alama ya biashara inaombwa peke yake, mavazi yamo kwenye daraja la 25 la orodha ya bidhaa, na Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake. TIN na leseni ya manispaa unazijua tayari.

Kuuza bila kukimbizwa

Juni na Julai fanya patani. Agosti sampuli zivaliwe na kufuliwa. Septemba toa 12. Uza kwa wateja wako wa oda kwanza: mwandikie kila mmoja ambaye kifua chake kiko kwenye saizi zako, umwambie lipo la saizi yake. Ujumbe huo mmoja mmoja unauza kuliko kuweka picha kwenye stetasi na kusubiri.

Kwa kila gauni linalotoka andika nani, saizi gani, aliomba kupunguza au kuachia wapi. Zikitoka 8 kati ya 12 ndani ya wiki sita bila kushusha bei, na waliorudi kurekebishiwa hawazidi mmoja, shona 24 kwa patani hiyohiyo. Wawili wakirudi na tatizo la mahali pamoja, simamisha kila kitu, rudi kwenye marikani. Zisipotoka na hakuna aliyelalamika, tatizo ni kitambaa au bei, siyo patani. Badilisha kimoja tu kwa wakati mmoja.

Mali kauli kwa maduka ya Arusha ni nzuri kwa kiasi. Peleka 4, siyo 12, kwa karatasi yenye saini ya pande mbili: idadi, saizi, bei ya rafuni, asilimia yao, siku ya kuhesabu kila baada ya wiki mbili, siku 30 za kurudisha. Gauni likikaa dirishani miezi miwili linapauka upande wa jua, na hasara inakuwa yako. Watalii wa Julai hadi Oktoba ni nyongeza njema. Usiwatengenezee gauni la msingi, kwa kuwa hawarudi kukuambia lilivyofulika.

Majukwaa nayo yana siku yake. Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na Mustafa Hassanali mwaka 2008, inaonyesha ubunifu kwa watu wengi kwa muda mfupi, na ni jambo la kujivunia. Lakini ukitoka jukwaani watu wanauliza "lipo la kwangu?", na jibu linatakiwa liwe tayari kwenye rafu kwa saizi tano.

Desemba yenyewe, pokea oda kama kawaida, funga kupokea tarehe 30 Novemba, na tundika magauni 12 au 24 kando ya mlango. Waliotoka Dar es Salaam na Mwanza wakiingia kumsindikiza mama au shangazi kujaribu oda yake, waache walivae hilo gauni. Wapime, wanunue wasinunue, na uandike namba ya simu pembeni ya vipimo. Januari chumba kitakuwa kimya. Kaa na karatasi yako kubwa, ongeza majina hayo mapya kwenye safu zilezile, uone kama saizi ya 112 moja inatosha au sasa yanahitajika matatu, na kama kuna wanaoanzia 118. Gauni la pili litoke humo, kwa patani hiyohiyo ya kiwiliwili: badilisha mkono na sketi, kifua na mgongo viache vilivyo.